MKALIMANI ASIYETAJWA JINA
Somo la kujisomea nyumbani na katika vikundi



Kabla hamjaendelea, naomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 42, msome aya ya 18 hadi ya 24. Ndugu za Yusufu wamesimama mbele ya mkuu wa Misri, njaa imewaleta. Wanasemezana wao kwa wao juu ya ubaya waliomtendea ndugu yao, wala hawana wasiwasi, maana wanadhani mkuu huyo hasikii lugha yao. Wanadhani hivyo kwa sababu moja tu: kati yao na yeye yuko mkalimani. Juu ya machozi ya Yusufu tumehubiriwa mara nyingi. Juu ya yule mkalimani sikumbuki kuhubiriwa hata mara moja. Hatajwi jina. Hatuambiwi kama alitafsiri yote au alipunguza makali. Na Yusufu, aliyekuwa akisikia pande zote mbili, hatuambiwi alimwonaje mtu huyu aliyekaa katikati.

Huyo ndiye ninayetaka tumtazame leo, maana siku hizi amehamia Gongoni. Pita mitaani kwetu saa mbili usiku utasikia Kiswahili kinatoka madirishani, utadhani majirani wanagombana juu ya urithi. Kumbe ni sultani wa Uturuki na wake zake, au ni familia ya Wachina inagawana nyumba, au ni shujaa wa Korea anawaaga askari wake. Wote wanasema Kiswahili, na wengine wanakisema vizuri kuliko wanafunzi niliopata kuwafundisha.

Kamati ya gazeti iliponiomba niandike juu ya michezo hii, nadhani baadhi ya wajumbe walitazamia niikemee. Sitafanya hivyo. Mwalimu aliyestaafu ana jioni ndefu, nami nimeifuata michezo kadhaa hadi sehemu ya mwisho. Ninachotaka ni tujifunze kutazama kama tulivyojifunza kusoma. Mtoto wa darasa la pili anazijua herufi zote, lakini bado hawezi kuuliza habari hii imeandikwa na nani, na kwa sababu gani. Katika kutazama televisheni wengi wetu tungali darasa la pili, wazee kwa vijana. Hadithi itokayo mbali imepita katika kinywa cha pili kabla ya kufika sikioni mwetu. Kinywa hicho kina mawazo yake, na mara nyingine kina mtu anayekilipa.

Jambo hili watu wa Tabora tungepaswa kulijua kuliko wengine. Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliingia Kazeh, kituo cha misafara ambacho ndicho asili ya mji wetu. Burton alijua Kiarabu, akazungumza na wafanyabiashara Waarabu bila taabu. Speke hakukijua. Msaada wake ulikuwa mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akakaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipokufa naye akawa huru, ndipo akarudi Afrika. Huko alijifunza Kihindustani. Speke naye alikuwa amepata kuwa askari Bara Hindi, akajua lugha hiyo kiasi. Basi mwaka 1858, Speke alipotoka hapa Kazeh kwenda kaskazini, akaliona lile ziwa kubwa mwezi wa Agosti, maswali yake yalisafiri hivi: aliuliza kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na palipohitajika mtu wa tatu akageuza kwa lugha ya wenyeji. Jibu likarudi kwa njia ileile. Kisha Speke akaandika kwa Kiingereza, na msomaji wa London akaamini kwamba anawasikia watu wa ziwani wakisema wenyewe.

Ningekuwa darasani ningechora ubaoni duara nne na mishale katikati yake. Kila mshale ni mahali ambapo neno laweza kupotea, au kuongezeka, au kuvaa nguo nyingine. Na tazameni: ule mshale wa katikati, uliobeba mzigo wote, ulikuwa mtu aliyewahi kuuzwa kama mzigo. Kwa bahati njema jina la Bombay halikupotea. Baada ya safari zake nyingi Chama cha Kijiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Wenzake wengi waliotafsiri katika njia hii ya Bagamoyo hadi Ujiji hawakuandikwa popote.

Msidhani kupotea kwa neno ni kosa la mjinga. Mkalimani hodari kuliko wote naye huchagua, na kuchagua ni kusema lako. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na baadaye akafundisha hapa katika shule ya Mtakatifu Maria, alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare. Mmoja, kwa Kiingereza, unamtaja mfanyabiashara wa Venisi katika jina lake. Angeweza kuandika “Mfanyabiashara” au “Tajiri”. Mwaka 1969 kitabu kilitoka kikiitwa *Mabepari wa Venisi*. Kwa neno hilo moja msomaji wa Tanzania ya wakati ule, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, aliambiwa amwonaje yule mtu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Simlaumu. Nasema tu kwamba neno hilo ni la Mwalimu, si la Shakespeare, na anayesoma afadhali ajue la nani ni lipi.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Kutafsiri picha kwa mdomo si jambo jipya nchini. Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni. Zilitengenezwa filamu 35, za kilimo, afya na maisha ya nyumbani, zikazungushwa vijijini kwa gari. Maneno hayakuwa ndani ya filamu. Yaliletwa kando, kwa sahani za santuri au kwa mtu aliyesema kwa kipaza sauti, kwa lugha ya mahali. Wakubwa wa siku zile waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, lazima aelezwe polepole. Huku mijini, katika miaka iliyofuata, watu walijaa katika sinema kutazama filamu za Kihindi kama *Awaara* ya mwaka 1951, ambazo hazikuwa na neno hata moja la Kiswahili, wakatoka wamelia na wimbo wameushika. Hapo napenda kucheka kidogo.

Baadaye vikaja vibanda vya video, navyo vikaleta watu wa kazi ya pekee kabisa: wasimulizi wa filamu. Uganda wako wengi. Kwetu Dar es Salaam aliyesikika sana alikuwa Lufufu. Msimulizi wa namna hii hamwigizi kila mtu kwa sauti yake. Yeye ni mtu mmoja anayesema juu ya wote. Anatafsiri, anafafanua, anaongeza utani, anamwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anampa mtu jina la mtaani. Wako wanaowadharau kwa sababu wanaongeza chumvi. Mimi nawaheshimu kwa jambo moja, kwamba hawajifichi. Ukimsikia Lufufu unajua ni Lufufu anayesema wala si yule Mchina anayepigana. Mkalimani amesimama mbele ya watu kama yule anayesimama mimbarini kando ya mhubiri mgeni, na sote twaona pale ambapo mgeni amesema dakika tano na mkalimani akamaliza kwa nusu dakika.

Michezo ya siku hizi ni ya namna nyingine. Kila mwigizaji amepewa sauti yake ya Kiswahili, mama sauti ya mama, mtoto sauti ya mtoto, na midomo inajaribiwa ifanane na maneno. Ni kazi ngumu na wanaoifanya ni mafundi. Lakini kwa ufundi huohuo mkalimani ametoweka. Twadhani tunamsikia Mchina.

Nichukue mchezo mmoja. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilianza kuonesha mchezo wa Kichina juu ya msichana aitwaye Mao Doudou, sehemu 36, uliotiwa Kiswahili na Radio China Kimataifa. Wazee watakumbuka redio hiyo tangu ilipoitwa Radio Peking. Imetangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961. Doudou ni muuguzi. Anaolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana na baba ameoa tena, hivyo bibi arusi anajikuta na mama wakwe wawili, naye hana budi kuwapendeza wote wawili. Hakuna vita, hakuna wachawi, hakuna bastola. Ni vikombe vya chai, maneno ya jikoni na nani aalikwe sikukuu. Watu walioutazama waliupenda. Tarehe 25 Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam aliutaja mchezo huo, akasema umewawezesha Watanzania kuyajua maisha ya kila siku ya Wachina.

Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia, nami nitakaa sana katika la kwanza.

La kwanza ni neno “mkwe”. Wachina wana neno la mama wa mume na neno jingine la mama wa mke, na mwanamke akishaolewa humwita mama wa mumewe “mama” waziwazi. Kiswahili chetu cha kila siku hutumia zaidi neno moja, mkwe, ambalo tunamwita mzazi wa mwenzi wetu, na mzazi naye anamwita mwana wetu huyohuyo “mkwe”.  Mkalimani alitumia hilo lililozoeleka. Lakini neno hilo lilipofika Unyamwezi halikufika tupu. Kwa mila za wazee wetu, ukwe ni heshima ya kukaa mbali. Mwanamume hakuketi na mama mkwe wake wakala sahani moja, hakumtazama usoni hovyo, na walipokutana njiani mmoja alipisha. Basi mtu wa Gongoni anaposikia kwa Kiswahili chake mwenyewe mkwe akijibizana na mkwe juu ya chumvi ya mchuzi, anasikia kitu cha ajabu ambacho mtu wa Beijing hakisikii kabisa. Yule wa Beijing anasikia ugomvi wa kila siku. Huyu wa kwetu anasikia ama matusi ama uhuru, ikitegemea umri wake.

Nasema hivi kwa sababu limetugusa. Katika mafundisho ya ndoa ninayosaidia, kijana mmoja aliyekuwa karibu kufunga ndoa alisema mbele ya wenzake kwamba hawatakaa karibu na mama yake, ambaye ni mjane, kwa kuwa “wenzetu walioendelea” hawaishi na wakwe. Nikamwuliza amejifunza wapi. Akataja mchezo wa Kichina. Mchumba wake akamsahihisha palepale kwamba katika mchezo huohuo mama mkwe anakuja kila siku, na mwishoni wanapatana. Yeye mwanamume alitazama sehemu za mwanzo tu, kisha umeme wa LUKU ukaisha. Tulicheka. Lakini yule mama mjane ni jirani yetu, na uamuzi juu ya nyumba yake ulikuwa unafanywa kwa ushahidi wa nusu ya hadithi iliyotafsiriwa. Tulipomaliza nikawapa kusoma Ruthu mlango wa kwanza, habari za mkwe mwingine mjane, nikawaomba waniambie siku nyingine Naomi alitaka nini na Ruthu alitaka nini, maana hawakutaka kitu kimoja. Mpaka leo naona kwamba binti yule alisoma vizuri zaidi.

La pili ni yale ambayo mchezo hausemi kwa sababu mtazamaji wa kwao anayajua tayari. Kuanzia karibu mwaka 1980 hadi 2015 sheria ya China iliwazuia watu wengi wa mijini kuzaa zaidi ya mtoto mmoja. Fikirini maana yake katika arusi: vijana wawili wanaoana, na nyuma yao wako wazazi wanne ambao pengine hawana mwana mwingine wa kumtumainia. Ukilijua hilo, yule mama wa michezo ya Kichina anayeingia kila chumba bila hodi haonekani tena kuwa mkorofi tu. Anaogopa uzee wa upweke. Mkalimani hawezi kukueleza hayo, hana nafasi. Midomo ya mwigizaji imeshafungwa. Lufufu angesimamisha hadithi akatueleza.

La tatu ni mlipaji. Rais wa nchi kubwa hautaji mchezo wa televisheni ugenini kwa kukosa la kusema. Kampuni ya StarTimes ya China iliingia ubia na TBC, na mwishoni mwa 2012 mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam kwanza na miji mingine baadaye, ving'amuzi vyake vikaenea. Mwaka 2015, katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg, China iliahidi kuvipelekea televisheni ya satelaiti vijiji 10,000 vya Afrika. Kuanzia 2016 StarTimes ilifanya mashindano ya sauti Dar es Salaam, na vijana walioshinda wakaenda Beijing kutia Kiswahili katika michezo. Sioni dhambi hapo. Waingereza walifanya vivyo hivyo Vugiri, na wao hawakutupa hata mama mkwe wa kucheka naye. Lakini mwenye nyumba anayekualika chakula hukuonesha sebule, hakuoneshi stoo. Michezo ile inaonesha fleti safi, barabara pana, na ugomvi unaokwisha. Ajuaye kwamba amekaribishwa sebuleni atakula kwa shukrani, wala hatarudi kwao kusimulia kwamba ameiona nyumba nzima.

Nageukia Uturuki. Mchezo ulioitwa kwetu *Sultan*, ambao Azam waliuonesha kwa Kiswahili, ulitengenezwa Uturuki kati ya 2011 na 2014. Ni juu ya Sultani Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, na juu ya Hürrem, mwanamke aliyempenda. Huko Uturuki kwenyewe mchezo ulizua ugomvi: mwaka 2012 Erdoğan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliulaumu hadharani kwa kumweka sultani nyumbani na wanawake, hali historia inamjua kama mtu wa kukaa juu ya farasi vitani. Angalieni basi: sisi tuliuchukua kama historia ya Waturuki, na Waturuki wenyewe walikuwa wakibishana kama ni historia.

Lakini kilichonishughulisha mimi ni gauni. Katika kikundi cha akina mama nilisikia gauni za Hürrem zikisifiwa, na fundi cherehani mmoja alikuwa ameletewa picha. Hürrem alikuwa nani? Alikuwa msichana wa Kikristo kutoka nchi ambayo leo ni Ukraina, aliyetekwa na washambuliaji, akauzwa, akafikishwa Istanbul akiwa mtumwa. Kiswahili kina maneno mengi ya kumwita mtu kama huyo: mjakazi, kijakazi, suria. Kila moja la maneno hayo lilitumika hapahapa, katika majumba ya wafanyabiashara wa Unyanyembe, juu ya wasichana walioletwa kutoka Manyema na kutoka ng'ambo ya Tanganyika. Miembe tunayopumzika chini yake ina uhusiano na njia ile. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa letu la Mkunazini mahali palepale. Sasa wajukuu wa njia ya misafara wanakaa jioni kutazama msichana aliyeuzwa, nao wanaona kitambaa. Sisemi wasiipende hadithi. Katika wasichana maelfu waliouzwa, mmoja alikuwa malkia, na mchezo umetengenezwa juu ya huyo mmoja. Hebu jiulizeni mchezo juu ya wengine ungekuwa na sehemu ngapi, na ni nani angeutia Kiswahili.

Juu ya Korea nitasema machache. *Jumong* wengi mnamjua: sehemu 81, mwaka 2006 hadi 2007. Vijana wetu wanaweza kukutajia jina la baba yake, mke wake na maadui zake. Jumong anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo, ambao kwa hesabu za Wakorea ulianza mwaka 37 kabla ya Kristo, na masimulizi ya kale ya huko yanasema alizaliwa kutoka katika yai. Watengenezaji wa mchezo waliliacha yai, kwa busara yao. Niliwauliza vijana saba wa kwaya habari za Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyekataa kuwatii Wajerumani mpaka ngome yake ilipovunjwa Januari 1893 hapa kwetu. Wawili walijua kuwa ni jina la barabara au la shule. Kosa hilo si la Wakorea. Wao walimchukua mtu wao wa kale wakamtengenezea sehemu 81.

Zimebaki filamu za maelezo, zile za wanyama, bahari na historia. Watu wengi huziamini kuliko michezo, kwa kuwa hazina waigizaji, nami huziogopa zaidi kwa sababu hiyohiyo. Sauti inayosema ndani yake haina mwili, haina jina, inajua kila kitu. Mwaka 2011 shirika la BBC lilionesha mfululizo mzuri sana juu ya nchi za barafu, na ndani yake watoto wa dubu wakiwa pangoni na mama yao. Baadaye ikajulikana kwamba watoto wale walipigwa picha katika bustani ya wanyama huko Ulaya, wakaunganishwa na picha za porini. Shirika lilijitetea kwamba mtu hawezi kuingia pangoni mwa dubu, na ni kweli. Lakini mtazamaji hakuambiwa ndani ya kipindi chenyewe. Hata nyayo za mnyama unazozisikia katika filamu kama hizo, mara nyingi zimetengenezwa na mtu chumbani baada ya picha kupigwa. BBC haohao mwaka 1971 walitengeneza mfululizo wa sehemu sita juu ya wazungu waliotafuta chanzo cha mto Nile, ambao kwa lazima unapita Kazeh. Mkipata nafasi ya kuutazama, msiwatazame Burton na Speke. Mtafuteni Bombay, mhesabu amepewa maneno mangapi.

Sasa tufanyeje? Wenye umri wangu watakumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikuwa watoto, tukawaona wazazi wetu wakikusanyika kuzunguka redio moja. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walijiunga katika vikundi. Utaratibu ulikuwa rahisi: wanasikiliza kipindi, redio inazimwa, kiongozi anasoma kijitabu, wanabishana, kisha wanaamua jambo la kufanya, na kesho yake vyoo vinachimbwa. Redio ilisema peke yake kwa muda mfupi tu. Muda uliobaki walisema watu. Televisheni zetu leo haziachi mtu aseme. Sehemu moja ikiisha nyingine imeanza, na mazungumzo ya nyumba yamebaki kwa waigizaji.

Mchungaji amekubali tujaribu utaratibu ule kwa miezi mitatu. Tutatazama sehemu moja tu ya mchezo wowote unaooneshwa wakati huo, kisha tutazima. Kila kikundi kitakuwa na daftari, na mwandishi atauliza haya: Hadithi hii imetengenezwa wapi, mwaka gani, na nani amegharimia? Neno gani la Kiswahili limetushtua, na sisi tungetumia lipi? Ni kitu gani ambacho watu wa kule wanakijua na sisi hatukuelezwa? Na je, jambo kama hili likitokea hapa Gongoni, lingekwendaje? Swali la mwisho lipewe muda mrefu, na wazee waachwe waseme kwanza, kisha vijana wawajibu bila kukatizwa. Palipo na mkwe na mkwe katika kikundi kimoja wasiketishwe karibu. Mila bado ina kazi yake.

Shida niliyoiona ni ya watoto wa shule, ambao saa tatu wanapaswa kuwa wamelala. Kwa hao tutafanya Jumamosi mchana, kwa filamu za wanyama, na mwalimu wa Shule ya Jumapili amekubali kuwasimamia.

Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama ametoa sebule yake kwa kikundi cha kwanza, siku ya Alhamisi baada ya sala ya jioni. Ana viti vinane, kwa hiyo wengine waje na mikeka, na kila mtu achangie kidogo kwa ajili ya umeme usije ukatuishia katikati kama ulivyomwishia yule bwana arusi. Rimoti nitaishika mimi. Sehemu ikiisha nitazima, hata kama Sultani ameinua upanga. Anayetaka kujua kama aliushusha atangoja Alhamisi ijayo.